Tazama Saa Kwanza, Picha Baadaye

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: meli ya kitalii ikisimama kisiwani kwa siku moja tu, na katika msafara kuna watoto na wazee, familia ichague vipi ufukwe wa kwenda huko Karibiani? Nadhani mtapokea majina mengi ya fukwe na sifa nyingi za mchanga mweupe. Mimi naishi Houston, bandari ya Galveston ni mwendo wa saa moja tu kwa gari, na kila shule zikikaribia kufungwa hakosi ndugu au jirani wa kunipigia simu akiwa na orodha ya fukwe kumi bora aliyoitoa mtandaoni. Huwa namwambia aiweke pembeni, anisomee ratiba ya meli. Ukishaondoa zile zisizofaa, ufukwe ulio karibu zaidi na gati ndio wenu, hata kama kwenye orodha ni wa tisa.

Hesabu yake ni hii. Ratiba inasema meli inafika saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi jioni. Kwenye karatasi mna saa nane nzima. Sasa anza kupunguza. Meli ikishafungwa kamba, abiria hawashuki mpaka wakubwa wa bandari watoe kibali. Mtoto mmoja hajamaliza chai, mwingine amerudi chumbani kufuata miwani ya kuogelea, bibi anasubiri lifti na kila lifti inayofunguka imejaa. Familia ya watu saba ikikanyaga gati saa tatu na nusu, imejitahidi. Wakati wa kurudi, mwisho wa kupanda ni nusu saa au zaidi kabla ya meli kuondoka, kwa hiyo saa tisa na nusu muwe mmeshapita ukaguzi. Juu ya muda wa barabara, ongeza saa moja ya tahadhari, kwa sababu visiwa hivi vingi vina barabara moja kubwa na siku hiyo kuna meli nne bandarini.

Sasa mtu ameshuka Montego Bay, Jamaika, na ameng'ang'ania Negril kwa kuwa ndiyo aliyoiona kwenye picha. Negril ni nzuri kweli. Lakini ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, kwenda tu. Mkitoka saa tatu na nusu mtafika saa tano, na saa saba mnatakiwa muwe garini mkirudi. Saa mbili hizo ndani yake kuna kubadili nguo, kupaka losheni, kutafuta choo na kula. Aliyekwenda Doctor's Cave, palepale mjini Montego Bay, amepata zaidi ya saa nne majini, na mtoto akiugua tumbo yuko melini baada ya muda mfupi.

Wengine hujibu kwamba safari zinazouzwa na meli yenyewe hazina hofu hiyo, kwani basi lao likichelewa meli inasubiri. Ni kweli, na kwa ufukwe wa mbali ningelipia huko bila kusita. Ila kwa ufukwe wa karibu unalipa kila kichwa, kikubwa na kidogo, kwa safari ambayo teksi ingeifanya kwa dakika kumi na tano, na mnarudi kwa saa ya basi, mtoto akilala au akilia.

Kabla sijaacha habari ya saa, kuna mtego wa simu. Jimbo la Quintana Roo huko Meksiko, ambako ndiko kilipo kisiwa cha Cozumel, tangu 2015 halibadilishi saa majira ya joto. Florida inabadilisha. Meli iliyotoka Miami mwezi wa saba mara nyingi inabaki na saa ya Miami, wakati simu yako ikishuka gatini inajirekebisha yenyewe na kurudi nyuma saa moja. Simu inasema saa nane na nusu, una muda wa kuagiza chakula kingine. Melini ni saa tisa na nusu na wanahesabu waliobaki nje. Mmoja katika familia avae saa ya mkono iliyowekwa kwa saa ya meli, na huyo ndiye asikilizwe.

Baada ya saa ni upepo, na hapa sisi tuliokulia pwani ya Afrika Mashariki tuna la kujifunza upya. Mimi ni wa Tanga. Kwetu, neno la kwanza kabla ya kwenda kuoga ni maji: yanajaa au yanakupwa, ni bamvua yanapojaa na kupwa sana, au ni maji mafu yasiyobadilika sana. Maji yakipwa kwenye bamvua, ufukwe wa Mombasa au wa mashariki ya Unguja unaweza kutembea mpaka mwambani na usilowe magoti, maana tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Karibiani sehemu kubwa tofauti hiyo haifiki hata nusu mita. Ufukwe wa saa tatu asubuhi ndio huohuo wa saa tisa alasiri, hakuna haja ya kuuliza.

Cha kuuliza ni upande. Kule hakuna kusi na kaskazi za kupokezana; upepo unatoka mashariki, au kaskazini mashariki, karibu mwaka mzima. Kwa hiyo kisiwa chochote utakachoshuka, upande wa mashariki una mawimbi na mikondo ya kuvuta, na upande wa magharibi maji yametulia. Fungua ramani, tazama ufukwe umeelekea wapi, na nusu ya kazi imekwisha. Cozumel ni mfano wazi: upande wa mashariki una fukwe ndefu tupu za kuvutia macho, na hapo ndipo mawimbi yanapompokonya mtu mzima miguu. Nendeni kupiga picha, mtoto asiingie. Ghuba ya Magens kule St. Thomas, katika Visiwa vya Virgin vya Marekani, iko kaskazini lakini imeingia ndani sana kati ya vilima, kwa hiyo maji yake ni tulivu. Baby Beach ya Aruba nayo iko ncha ya kusini mashariki, ila imezungukwa ikawa wangwa wa maji ya kina kifupi. Hizo ni mbili za kuvunja kanuni. Nyingine nyingi zinaifuata.

Upande huo huo wa mashariki ndio unaopokea mwani. Huu si mwani tunaoufunga kwenye kamba Paje na Jambiani. Ni sargassum, unaoelea wenyewe katikati ya bahari ya Atlantiki, na tangu 2011 umekuwa ukija Karibiani kwa wingi ambao haukuzoeleka zamani. Unaanza kuonekana machipuko, unazidi miezi ya katikati ya mwaka, yaani likizo za shule zenyewe. Ukitupwa ufukweni na kuoza unatoa harufu ya yai viza, na maji ya ukingoni yanageuka rangi ya chai. Mahahual, kwenye pwani ya Meksiko, ambako meli huita Costa Maya, imeelekea bahari wazi na hupigwa vibaya. Pwani ya magharibi ya Cozumel mara nyingi inasalimika kwa kuwa kisiwa chenyewe kinaukinga. Mkiwa na safari ya mwezi wa sita inayogusa bandari zote mbili, pesa ya ufukwe itumieni Cozumel, na Costa Maya mwende kuona magofu ya Wamaya ya Chacchoben.

Kipupwe mambo hugeuka kidogo. Baridi ya Marekani ikishuka kusini, huja na upepo wa kaskazini unaokorofisha hata pande zilizozoea utulivu. Kisiwa cha Grand Cayman hakina gati la meli kubwa. Meli zinatia nanga nje ya George Town na abiria wanashushwa kwa boti. Bahari ikichafuka upande huo, boti huhamishiwa Spotts, pwani ya kusini, au meli ikapita bila kusimama. Kwa familia yenye kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto, bandari ya boti ni ya kuifikiria mara mbili, hata siku ya jua. Kuna foleni ya kushuka na foleni ndefu zaidi ya kurudi, juani, na mama mwenye mtoto mgongoni anaruka kutoka kwenye boti inayopanda na kushuka huku baharia amemshika mkono.

Nirudi Cozumel, kwa sababu ndiyo bandari ambayo meli za kutoka Galveston husimama zaidi, na watu wengi huichagulia vibaya. Pwani ya magharibi ina maji matulivu, sawa, lakini sehemu kubwa ya karibu na mji haina mchanga. Ni jabali la chokaa lenye ncha kali, na kilabu nyingi za ufukweni zimejenga ngazi za chuma zinazokushusha moja kwa moja kwenye maji ya kina. Kwa kijana mwenye miwani na mrija, hapo ni peponi. Anashuka ngazi na samaki wako puani mwake. Kwa mtoto wa miaka minne na bibi mwenye magoti mabovu, hapo ni mahali pa kukaa kwenye kiti mkitazamana. Picha za matangazo hazionyeshi ngazi. Zinaonyesha maji. Uliza swali moja tu kabla ya kulipa: mtu anaingiaje majini, kwa mchanga au kwa ngazi? Mchanga wa kushuka polepole unaanza kusini zaidi, maeneo ya San Francisco, na kutoka magati ya kusini ni mwendo mfupi kwa teksi.

Teksi za hapo bei zimepangwa kwa maeneo na zimebandikwa kwenye ubao, kwa hiyo hamna kupatana. Someni ubao kabla ya kupanda, na mjue kwamba gari dogo ni la watu wanne. Msafara wa saba unahitaji gari kubwa lenye bei nyingine. St. Thomas ni tofauti tena, na huko ndiko familia kubwa inakoumia. Bei za serikali zipo, lakini zinahesabiwa kwa kichwa. Dereva wa gari lile la wazi lenye mabenchi nyuma hakuambii bei ya gari, anakuambia bei ya mtu. Zidisheni kwa saba, kwenda na kurudi, ongezeni kiingilio cha Magens, ndipo mlinganishe. Bado mimi ningekwenda Magens, kwa sababu ina waokoaji, vyoo, mabafu ya maji baridi, miti ya kivuli na ufukwe wa karibu maili nzima, hivyo hata siku yenye meli nyingi mtapata pa kutandika kanga. Barabara ya kuvuka vilima ina kona kali, anayetapika garini akae mbele. Na losheni ya jua isomeni kibandiko: visiwa hivyo vya Marekani tangu 2020 vimepiga marufuku zile zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya matumbawe.

Kuhusu kiingilio kinachojumuisha kila kitu, familia isiyokunywa pombe ijihadhari. Bei ya mtu mzima kwenye kilabu hizi imepigiwa hesabu ya tekila. Ukiwalipia shangazi wawili na mama mkwe ambao watakunywa soda moja moja na chupa ya maji, umewalipia walevi wa meza ya jirani. Tafuteni kilabu yenye kiingilio kidogo au yenye sharti la kununua chakula kwa kiwango fulani. Kiwango hicho samaki wa kukaanga na wali vitakimaliza bila shida. Grand Cayman kumbukeni kuwa dola ya menyu huenda si ya Marekani. Dola yao imefungwa kwenye thamani ya dola 1.20 za Marekani, kwa hiyo sahani iliyoandikwa 20 itatoka kwenye kadi yako kama 24.

Kuna suala ambalo majarida ya Kizungu hayaliandiki na kwetu ndilo la kwanza kuulizwa chumbani baada ya watoto kulala: watu wa huko wanavaaje? Ukiwa na bibi anayejifunga buibui na mabinti wanaooga na suruali na mikono mirefu, mnataka mahali ambapo hakuna atakayewakodolea macho, na ambapo ninyi hamtalazimika kugeuza shingo. Sijawahi kuona mtu akisumbuliwa kwa kujisitiri katika fukwe hizi. Tatizo ni upande wa pili. St. Martin, upande wa Wafaransa, wanawake kuoga vifua wazi ni jambo la kawaida, na kipande cha kusini cha Orient Bay kinajulikana kwa watu wanaooga uchi kabisa. Dereva hatawaambia, kwake ni ufukwe maarufu tu. Ghuba ya jirani, Le Galion, ina maji ya kina kifupi yaliyokingwa na mwamba, na watoto wanaifurahia zaidi. Au bakini Philipsburg penyewe, upande wa Waholanzi, ambako boti ndogo zinawatoa gatini hadi mchangani na wazee wana benchi za kukaa kando ya maji. Grand Cayman sheria hairuhusu kuoga kifua wazi, kwa hiyo hapo mioyo itulie.

Na Barbados msiwavishe watoto nguo za mabakamabaka ya jeshi. Ni kosa kisheria kwa raia, mtoto akiwemo, na duka za Marekani zimejaa kaptura hizo za kuogelea. Sheria kama hiyo ipo Jamaika na visiwa vingine kadhaa. Zikitolewa begini nyumbani, hakuna wa kuvuliwa kaptura njiani kwenda Carlisle Bay, ambako, kwa taarifa yenu, kasa huonekana karibu kabisa na ufukwe na ni teksi ya dakika chache kutoka bandarini Bridgetown.

Kivuli ni muhimu, lakini si kila mti ni wa kukaliwa. Fukwe nyingi za Karibiani zina mti uitwao manchineel, wenye majani ya kung'aa na matunda ya kijani-manjano yanayofanana na matufaa madogo. Utomvu wake mweupe unababua ngozi, tunda likilumwa linaunguza mdomo na koo, na mvua ikinyesha, matone yanayopita kwenye majani yake yanatosha kutoa malengelenge kwa aliyejikinga chini. Visiwa kadhaa huichora alama nyekundu kwenye shina au kuweka kibao. Watoto wetu waliozoea kuokota embe na kungu chini ya mti waambiwe mapema: matunda ya ufukweni huku hayaokotwi. Nayo kivuli cha mnazi, kila aliyezaliwa pwani anajua kutazama juu kwanza.

Hebu niseme na la visiwa vya kampuni, maana najua wengi watavikataa kwa kiburi. CocoCay, Castaway Cay na Half Moon Cay, vyote viko Bahamas, vinaendeshwa na kampuni za meli kwa ajili ya abiria wao. Ni kweli huko hukutani na mwenyeji isipokuwa aliye kazini, na nje ya hapo hakuna mji wala soko. Lakini kwa familia yenye mtoto mchanga na mzee mmoja, siku hiyo inaweza kuwa rahisi kuliko zote. Chakula cha mchana kwa kawaida kimo ndani ya nauli, CocoCay na Castaway Cay meli inafunga gatini, na kuna viti vyenye magurudumu manene ya kupita mchangani. Mtego wake ni vitu vya ziada: bustani ya michezo ya maji ya CocoCay ina tiketi yake, na watoto wataiona kutoka melini kabla hamjashuka. Amueni usiku wa kuamkia. Tena Bahamas iko Atlantiki, si bahari ya Karibiani, na mwezi wa kwanza maji yake huwa nyuzi 23 au 24 hivi. Mtoto wa Houston ataingia. Mama mkwe wangu aliloweka kidole gumba, akasema amekwisha kuoga.

Grand Turk inafanana na hizo kwa urahisi: unashuka gatini, unapinda, umefika mchangani, na vitanda vya kulalia hutozwi. Siku ya upepo mkali meli huikosa, basi msiahidi watoto kupita kiasi. Kwa Grand Cayman msilazimishe ufukwe kama mnapenda samaki zaidi. Mashua za kwenda Stingray City zinawaweka kwenye fungu la mchanga ambapo maji yanamfika mtu mzima kiunoni na taa, wale samaki bapa wenye mkia mrefu, wanapita miguuni. Mfupi atahitaji kubebwa, na wazee wanaweza kubaki ndani ya mashua. Cozumel kuna El Cielo, penye viti vya pweza, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, vimelala juu ya mchanga mweupe. Vitazameni ndani ya maji, msivitoe nje kwa ajili ya picha; vinakufa.

Kwa kila bandari andikeni ufukwe wa pili wa karibu, maana meli hubadilishiwa kituo, hasa kati ya mwezi wa nane na wa kumi wakati wa vimbunga, na atakayejua bandari mpya ni yule aliyesoma usiku. Kila pasipoti ya familia nayo iangaliwe kwa kila nchi mtakayogusa. Mgeni aliyetoka nyumbani huenda akahitaji kibali ambacho ninyi wenye pasipoti ya Marekani hamkihitaji.

Mwisho ni yule asiyetaka kushuka. Katika kila familia yupo, na mara nyingi ndiye mkubwa wenu. Msimbembeleze. Siku ya bandari meli inakuwa tupu, lifti zinakuja mara moja, bwawa lina nafasi na chakula kinaendelea kupakuliwa. Abaki na simu yenye chaji, kadi yake ya chumba na dawa zake, na mmoja wa watoto wakubwa ajue atakuwa amekaa ghorofa ya ngapi.

Msomaji wenu,
Houston, Texas